Plaizi

Miaka ishirini na sita nilipanda nguzo za simu,
kutoka Mnara wa Saa hadi Uru, hadi Kiboriloni,
na sehemu kubwa ya kazi yangu, niseme kweli,
haikuwa kuunganisha.
Ilikuwa kukata.

Laini isiyopigwa. Laini isiyolipiwa.
Nyumba ya marehemu, na simu yake
bado inangoja juu ya kitambaa cha kufuma.
Nilipewa orodha kila Jumatatu,
nikabeba ngazi, plaizi kiunoni.
Tik.
Upande wa pili wa waya
hakuna aliyesema hata halo.

Jana Aikande alirudi kutoka KCMC,
koti jeupe begani, akaketi jikoni kumenya ndizi,
akaniambia kuwa kichwani mwa mtoto wa dada yake,
huyu Elihuruma anayetambaa chini ya meza,
mna nyuzi nyingi kuliko zote tulizowahi kutandaza mkoa mzima,
seli inanong'ona na seli, maungio juu ya maungio,
na kwamba nusu yake, au karibu nusu, itakatwa.

Nani atakata? nikauliza.
Nilitaka kujua zamu ni ya nani.

"Hakuna mtu, babu. Ni ukimya.
Uzi unaopitisha habari kila siku hunenepa.
Uzi unaokaa bure hudhoofu,
midomo yake husinyaa, mnong'ono hufifia,
kisha huwekwa alama,
zikapita seli za usafi zikaumeza."

Alama! Sisi tulipaka nguzo rangi nyekundu.
Nikamwuliza kama mteja huruhusiwa kukata rufaa.
Akacheka mpaka ndizi ikamponyoka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mtoto.
Mwezi uliopita alitoa sauti ile ya kwetu Machame,
iliyo kati ya p na f,
mdomo kama anayezima mshumaa.
Hakuna aliyemwitikia. Hapa Pasua
sote tunasema Kiswahili, na televisheni inasema chake.
Leo asubuhi kasema "papa",
wazi kabisa, wakampigia makofi.
Mimi nikasikia tik.

Ila nisimsingizie mkataji.
Nakumbuka mwaka ule wa mvua, waya zilipogusana Njoro:
ukipiga hospitali anaitika mlinzi wa kiwanda cha ngozi,
anayeulizia bei ya mahindi anapewa pole ya msiba.
Simu zote zililia
na hakuna aliyesikia kitu.
Tulikata laini mia na kitu kwa wiki moja,
tumelowa, tunatukanwa,
ndipo mkunga wa Rau akapatikana.

Usiku nilikaa kitandani nikajaribu kumpigia Foibe.
Namba ya kwao, kabla sijamposa, ninayo:
tatu, moja, saba, nane.
Maneno yake ninayo pia. "Vua viatu, umeleta tope la serikali."
Sauti ndiyo sina.
Nilisikiliza, nikasikiliza. Palikuwa na mbwa wa jirani,
palikuwa na friji.
Miaka kumi na moja sikumpigia.
Kila nikishika mkono wa simu niliogopa gharama,
nikaurudisha polepole,
nikajiita mwanamume.

Kumbe orodha ya Jumatatu
niliiandika mwenyewe.

Kulipopambazuka nilimchukua Elihuruma,
nikamweka juu ya meza, uso kwa uso,
nikakaza midomo, nikasema ile sauti.
Akanitazama mdomoni kama anayechungulia chini kisimani.
Nikarudia. Nikarudia.
Chai ikafurika mekoni.

"Babu, unafanya nini?" Aikande, mlangoni.

Najaribu laini, nikamwambia. Hebu nyamaza.

Mtoto akakunja midomo, akavuta pumzi,
mate yakanirukia kwenye miwani.
Sikuyafuta upesi.